Mcheri Hujipaka Rangi Wenyewe

Asanteni kwa kufika. Kabla sijafungua kopo lolote, naomba mvitazame vipande hivi viwili hapa mezani. Hiki kina rangi ya waridi iliyopauka. Hiki kingine ni chekundu, cha hudhurungi iliyokolea. Vyote vimetoka kwenye ubao mmoja wa mcheri na vyote vimepakwa mafuta tu, siku moja. Kimoja kilikaa dirishani miezi sita, kingine kikalala kabatini.

Mcheri ninaouzungumzia ni ule mweusi wa Amerika ya Kaskazini, Prunus serotina. Mwanga na hewa ndivyo vinavyouivisha, yaani kuukoza rangi. Mwanzoni hubadilika upesi, baadaye taratibu, kwa miaka. Ndiyo maana mtu akiniuliza apake rangi gani, na mimi humuuliza: una haraka ya nini?

Sisemi hivyo kwa ujuaji. Kasha langu la kwanza la mcheri nililipaka rangi nyekundu ya mafuta ili lifanane na samani za zamani. Siku ile lilipendeza, ukiacha mabaka. Miaka ilivyopita, mti nao ukaiva chini ya rangi yangu, na leo kasha ni jeusi kama mkaa uliolowa. Bado ninalo. Natunzia misumari.

Sasa hayo mabaka. Nyuzi za mcheri hazilali sawasawa. Mahali fulani huinuka na kugeuza vichwa juu, na hapo ubao hunywa kama sifongo. Ukipaka mafuta matupu, hali hiyo huleta mng'ao unaochezacheza, na wengi tunaupenda. Ukipaka rangi, mng'ao huohuo hugeuka uchafu. Kupiga msasa zaidi hakutaondoa tatizo, kwa sababu limo ndani ya mbao yenyewe.

Kama ni lazima upake, uzibe kiu kwanza. Yeyusha gramu 60 hadi 120 za sheleki kavu, yaani utomvu wa wadudu unaopakwa kama vanishi, katika lita moja ya spiriti, paka mkono mmoja mwepesi, uache ukauke, kisha pitisha msasa namba 320 kwa mkono wa huruma. Halafu tumia rangi nzito ya jeli, inayokaa juu badala ya kuzama. Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki cha ubao uleule, kilichopigwa msasa uleule. Kipande cha ubao mwingine hakitakuambia kitu.

Msasa wenyewe: namba 180 au 220 kwenye uso inatosha, na 320 kwenye vichwa vya ubao ili visiwe vyeusi kupita kiasi. Angalieni pia alama za moto. Mcheri huungua kirahisi kwenye msumeno butu, na alama usiyoiona leo, mafuta yataitangaza kesho. Ile mbao nyeupe ya pembeni haiivi kama moyo wa mti; mimi huigeuzia chini au nyuma.

Mnaotaka kuharakisha mnaweza kukianika kitu chenu juani siku chache, mkikigeuzageuza. Msiweke chochote juu yake, hata penseli, maana kivuli chake kitabaki.

Juu ya mafuta yaliyokauka vizuri, sheleki au vanishi yoyote ya mafuta inafaa. Vanishi ya maji huacha mcheri na sura ya ubaridi, kwa hiyo mimi hutanguliza sheleki isiyo na nta.

Na matambara! Tambara lenye mafuta ya kitani, likikunjwa na kutupwa pembeni, hupata joto lenyewe na laweza kuwaka bila kiberiti. Litandaze nje mpaka likauke, au litumbukize majini.

Sasa sogeeni mvishike vipande. Kile chekundu kina mstari mweupe katikati: hapo palikuwa na kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi, nilikisahau.