Simu ya intaneti ikikatika, usikimbilie mega

Jambo yenu wandugu, naona hata wale wa Birere wamefika na mvua yote hii, aksanti sana. Niingie direkti kwa ile kila mtu analalamika. Unapigia dada yako wa Bruxelles kwa WhatsApp, mnasalimiana vizuri, mara sauti inaanza kukatakata, unasikia tu "ma... ali... gonjwa", moyo unaruka, na wewe unafanya nini? Unatuma mtoto anunue mega zingine. Makuta ya bure hiyo!

Simu yako inakata sauti vipande vya milisekunde 20, yaani 50 kila sekunde, kila kipande na adresi yake kinaenda kivyake. Kuna programu ya kubana sauti inaitwa Opus, iko tangu 2012, inabana mpaka hata kilobiti 6 kwa sekunde, kwa hiyo dakika moja ya kuongea, tena bila video, mega moja haiishi. Mega 100 mtaongea mpaka umbea uishe.

Shida iko kwa muda. Ukipakua picha, kipande kikipotea simu inaomba kirudishwe, lakini kwa kuongea hakuna kungojana, "alo" ya sekunde mbili nyuma ni ya nini tena? Wakubwa wa mawasiliano wa dunia, wale ITU, wanashauri sauti isizidi milisekunde 150 kufika upande wa pili. Ndiyo maana zile satelaiti za juu kabisa, kilomita karibu 36,000, zinafanya watu wanaingiliana maneno, kwa sababu kupanda na kushuka peke yake kunakula milisekunde kama 240, na hata ulipe namna gani haipungui.

Sasa tuje kwetu hapa Goma. Nyumba nyingi tumejenga na mawe ya volkano, ruta, kile kisanduku cha kutoa waifai, iko saloni, wewe umejificha chumba cha nyuma unaongea siri zako, katikati kuta mbili za Nyiragongo. Waifai ya gigahezi 5 iko na mbio ila kuta zinaimaliza haraka, ile ya 2.4 inapenya kidogo lakini ndiyo majirani wote wamo, na chaneli, yaani njia zake za hewani, zisizogongana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Na kwa chaneli moja vyombo vinaongea kwa zamu, mmoja anasema wengine wananyamaza, basi kijana wako akianza kupandisha video, vipande vyako vinapiga foleni nyuma yake.

Mama pale mbele anauliza kuhusu kutembea huku unaongea. Ukitoka parsele simu inaacha waifai inashika data, adresi inabadilika, ndiyo unaona ile "inaunganisha tena". Na nyinyi wa karibu na bariere, zimeni romingi, yaani kutumia mtandao wa nchi ingine, simu ikishika mnara wa Gisenyi kule Rwanda inite zinaweza kuondoka hata salamu hamjamaliza.

Papa unasema ununue ruta kubwa ya antena nne? Ngoja kwanza. Hiyo simu yako itaisikia, vijiti vyote vimejaa, lakini simu yako nayo lazima ijibu na nguvu yake ni ndogo, unaweza kumsikia dada vizuri kabisa na yeye awe analia "alo, alo, uko?" Toa hiyo uliyo nayo nyuma ya televizyo, iweke juu kwa koridoo, ujaribu leo jioni. Haya, mwingine.