Daftari lenye mapengo

MAMA DÉO: Jambo yenu wote, popote mnapotusikia. Hapa Lubumbashi, Kongo, joto la Oktoba halina huruma, mvua inatuahidi tu. Niko na Mwalimu, kama kawaida. Mwalimu, leo sikuandika maswali. Nimekuja na mzigo.

MWALIMU: Naona mfuko, Mama Déo. Ni vitumbua?

MAMA DÉO: Ni madaftari ya mwanangu. Ameingia septième, darasa la saba, Septemba hii, na alama za kipindi cha kwanza zimetoka. Kipindi cha masomo, jamani, si hiki chetu. Nyekundu tupu! Mtoto aliyekuwa wa tatu darasani huko primaire, yale madarasa 6 ya mwanzo.

MWALIMU: Ukamfanya nini?

MAMA DÉO: Nilipiga kelele mpaka jirani akazima redio ili asikie vizuri.

MWALIMU: (anacheka) Haya, nipe la aljebra. Ngoja. Hili ni la aljebra au la historia?

MAMA DÉO: Mbele aljebra, nyuma historia. Katikati nadhani ni jiometria.

MWALIMU: Unaona sasa? Primaire alikuwa na mwalimu mmoja toka kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Mtu yule alimjua, akimwona usoni anajua kama amekula. Alimwambia, "Toeni daftari la hesabu." Leo hesabu yenyewe imepasuka: aljebra, arithmetiki, jiometria, takwimu. Weka juu yake botania, zuolojia, anatomia, Kiingereza. Kila saa anaingia mtu mwingine, na hakuna anayemwambia atoe nini. Ana miaka 12 huyu!

MAMA DÉO: Na bado wanatuambia ni elimu ya msingi.

MWALIMU: Kwenye karatasi, ndiyo. Sheria ya 2014 iliingiza la saba na la nane ndani ya elimu ya msingi, ikawa miaka 8. Lakini mtoto anakuta préfet, yule mkuu wa shule ya sekondari, anakuta mkuu wa nidhamu amesimama mlangoni. Mzazi naye anashtuka. Elimu ya bure iliyoanza 2019 ilikuwa ya yale madarasa 6 ya chini. Huku juu minerval, ada ya shule, inadaiwa. Kwa hiyo akiona nyekundu, anaona feza yake inaungua. Kelele zako zilitoka hapo, Mama Déo, usinikatalie.

MAMA DÉO: Sikatai.

MWALIMU: Basi tusome hapa, botania. "La racine fixe la plante au..." halafu pengo. Mzizi unashikilia mmea kwenye... kwenye nini? Hakuna. Mstari wa chini: "elle absorbe l'eau et les..." Unanyonya maji na... Pengo tena. Ukurasa mzima uko hivyo.

MAMA DÉO: Mimi nilisema ni uvivu.

MWALIMU: Mvivu haachi nafasi iliyopimwa namna hii. Angalia: penye neno fupi ameacha padogo, penye maneno mawili ameacha papana. Mwalimu anasoma Kifaransa, mtoto anakimbiza kalamu, asichokikamata anakiruka. Masikio yake yalijua kuna neno pale. Alitaka kulirudia. Hakuna aliyemwonyesha arudi saa ngapi.

MAMA DÉO: Saa ngapi?

MWALIMU: Récréation, yale mapumziko, ya siku ile ile, kabla hajaenda kununua kitu cha kutafuna. Anakaa na mwenzake: "Wewe hapa uliandika nini?" Dakika 5. Wakingoja jioni, wote wawili wamesahau, na wiki ya mtihani mtoto anakariri mapengo.

MAMA DÉO: Anakariri mapengo! Mungu wangu. Na mimi nilishaanza kutafuta mtu wa kumfundisha nyumbani.

MWALIMU: Wenzangu wanakula hapo, watanichukia, lakini usimlipe mtu sasa. Ataongeza saa juu ya daftari bovu. Kwanza kila somo lipate daftari lake. Kisha, akirudi, kabla ya bukari, ugali wetu, mwanga bado upo, maana umeme tunaujua: atoe ya leo, apange ya kesho akiangalia ratiba. Wewe ukae pembeni tu. Usifundishe aljebra.

MAMA DÉO: Hata ningetaka, ningefundisha nini? Sasa hizi alama, zimeshamzika?

MWALIMU: Hapana, na hesabu hii wazazi wengi hawaifanyi. Primaire kulikuwa na trimesta 3. Huku ni semesta 2, na kila semesta ina vipindi viwili na mtihani. Mtihani una uzito wa vipindi vyote viwili. Tuseme somo ni la alama 20: 20, tena 20, na mtihani 40. Mwanao kapata ngapi botania?

MAMA DÉO: 6.

MWALIMU: 6. Kipindi cha pili apate 10, kwenye mtihani apate 26. Jumla?

MAMA DÉO: 42.

MWALIMU: Kati ya 80. Amepita nusu. Mpigie hesabu hiyo mbele yake, kwa kalamu. Kelele aliyoisikia imemwambia mwaka umekwisha, na huu ni Oktoba.

MAMA DÉO: Kuna jambo jingine. Anasema wakubwa wanamnyang'anya feza ya basi.

MWALIMU: Hilo usimwambie "vumilia, utazoea". Nenda wewe mwenyewe kwa titulaire, yule msimamizi wa darasa, asubuhi, bila mtoto. Akiwa pembeni yako wenzake watamwona, na kesho itakuwa mbaya zaidi. Wiki hii, Mama Déo.

MAMA DÉO: Nitaenda kesho. Saa ya kwanza kesho wana nini? Ratiba si imebandikwa hapa kwenye jalada?

MWALIMU: Botania. Hili hili daftari. Lakini mbona katikati kumechanwa ukurasa?

MAMA DÉO: Ah, ule. Niliandikia deni la makala.

MWALIMU: La mkaa, kwenye botania?

MAMA DÉO: Ndilo lililokuwa karibu!

MWALIMU: Kauchukue uliko, umrudishie mtoto.

MAMA DÉO: Uko kwa muuza makala, Mwalimu. Na bado sijalipa.