Aliyerudi na Asifike

Haya, ndugu zangu, leo tuanzie mwishoni, pale msimuliaji anapopiga miayo: jitu limekufa, shujaa karudi, wakaishi raha mustarehe. Raha gani hiyo? Hebu tumfuate mmoja hadi chumbani.

Ni tarehe 13 Machi. Mzee mmoja mkulima anamkuta Frodo Baggins, shujaa wa riwaya ya The Lord of the Rings, amelala kitandani, kakishika kito cheupe kinachoning'inia shingoni, yumo nusu ndotoni. Analalama kwamba imetoweka milele, kumebaki giza. Wanaoijua hadithi hiyo ya Mwingereza J.R.R. Tolkien wanaelewa: anaililia pete ileile ya uovu, inayomteka moyo anayeibeba, aliyoifungia safari akaiteketeze motoni.

Husemwa kwamba shujaa hakai kijijini kwa sababu amekuwa mkubwa kuliko kijiji. Mimi hilo silikubali. Merry na Pippin, wenzake wa safari, walikuwa wakubwa kwelikweli; walikunywa kinywaji cha wachunga miti wakarefuka! Nao Shire, nchi yao ya nyumbani, iliwakaa vizuri tu: wanapita na deraya zao wakiimba, watu wanawapenda. (Mnacheka, lakini ndivyo ilivyo.) Frodo alirudia nguo zake za kawaida, na wenyeji wala hawakumjali sana. Jambo hilo lilimuuma Sam, mtumishi na rafiki yake, kuliko lilivyomuuma mwenyewe.

Tatizo la Frodo liko kwenye ukingo wa moto. Pale, baada ya taabu zote zile, hakuitupa pete. Alisema ni yake. Gollum, kiumbe aliyewahi kuimiliki, ndiye aliyeing'ata pamoja na kidole, akatumbukia nayo. Kwa hiyo nchi imeokoka, na aliyeiokoa anajua moyoni kwamba dakika ya mwisho alishindwa, na kwamba bado anaitamani. Hayo utamwambia nani sokoni? Kisha kila ifikapo Oktoba 6, siku aliyochomwa kisu safarini, kwenye kilima cha Weathertop, kidonda kinaamka.

Tolkien mwenyewe alikuwa vitani Somme, Ufaransa, mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudishwa Uingereza Novemba akiumwa homa ya mahandaki. Kufikia 1918, katika marafiki zake wa karibu alibaki mmoja tu. Hakupenda hadithi yake isomwe kama fumbo la vita, nami sitamlazimisha. Ila huyu aliyeandika ugonjwa unaorudi kwa tarehe hakuwa mgeni wa mambo hayo.

Najua mtaniuliza: na Sam je? Sam alioa, akapanda upya miti iliyokatwa, akachaguliwa meya mara saba. Siku Frodo alipopanda merikebu bandarini akaondoka asirudi tena, Sam alirudi nyumbani jioni, akakuta taa zinawaka na chakula tayari, mkewe Rosie akampakatisha mtoto. Huyo amefika, bila shaka.

Lakini Sam naye aliwahi kuibeba pete, kwa muda mfupi tu, Frodo alipokuwa mateka. Na miaka 61 baada ya merikebu ile kuondoka, Rosie alipofariki, inasimuliwa kwamba mzee Sam alifunga mlango akashika njia ya bandarini.