Kirusi cha Parvo na Moyo wa Kijibwa

Karibuni. Mzee aliyekaa pale mbele amenikamata mlangoni na swali: inakuwaje mtoto wa mbwa ananyonya vizuri asubuhi, adhuhuri amekufa? Nitaanza nalo hilo.

Mwaka 1978 madaktari wa mifugo Marekani, Ulaya na Australia walianza kuletewa mizoga ya namna hiyo. Vijibwa wa wiki tatu hadi nane, wanono, wala hawaharishi. Mmoja anacheza na wenzake, ghafla anaanguka, anahema, analia kidogo, basi. Ukipasua kifua unakuta mapafu mazito yaliyojaa maji na povu kwenye koo. Moyo umelegea, umepauka, una michirizi myeupe.

Aliyewaua ni parvo, kirusi kilekile tunachokijua kwa kuhara damu. Ni jamaa wa karibu wa kirusi kilichokuwa kikiua paka tangu zamani. Kilipomzoea mbwa, kiliizunguka dunia kwa takriban miaka miwili.

Sasa, kwa nini moyo? Parvo ni kirusi kidogo mno, hakina nyenzo za kutosha za kuzaliana peke yake. Hungoja seli inayojigawa, kikaazima za kwake. Kijibwa wa wiki sita, seli zake zinazojigawa mbio ni za utumbo na uboho, ndiyo maana anatapika na kuhara. Lakini wiki mbili za kwanza baada ya kuzaliwa, misuli ya moyo nayo bado inajengwa. Kirusi kikimpata wakati huo, au akiwa bado tumboni, kinaingia humo. Na seli za moyo zikishakufa haziwi mpya tena, panabaki kovu. Kwa hiyo anayenusurika hajapona: anaweza kukua miezi kadhaa, kisha moyo ukatanuka na kushindwa kusukuma damu.

Mbona siku hizi ni nadra kuuona ugonjwa huu wa moyo? Tiba ya kuua kirusi si sababu. Sababu ni mama. Mwaka ule mama hakuwa na kingamwili, yaani protini za mwili za kupigana na kirusi, hivyo hakuwa na cha kumrithisha mtoto. Leo, aliyechanjwa au aliyewahi kuugua akapona huzipitisha kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, na mtoto sharti ainyonye siku ya kwanza, kabla utumbo haujafunga njia. Zinamlinda wiki zilezile za hatari. Ila zikiwa bado nyingi huzuia chanjo ya mtoto isishike, ndiyo maana tunairudia kuanzia wiki ya sita au ya nane mpaka ya 16. Wapo wanaosema tunatafuta pesa. Haya.

Basi mzee wangu, nami nikuulize: mama yake alichanjwa lini? Mchanje kabla hujampandisha. Akishashika mimba usimpe chanjo ya kirusi hai, isije ikawafikia watoto. Na banda walimofia lioshe kwa sabuni kwanza, uchafu wote utoke, kisha jiki. Parvo hukaa udongoni miezi mingi, na dawa nyingi za kudekia hazikisumbui.