Godoro la Mtoto: Tuanze na Ugumu, Sumu Inafuata

Karibuni jamani, waliosimama nyuma sogeeni viti vipo huku mbele, na wenye watoto mikononi msione aibu wakilia, si ndo tumekuja kwa ajili yao. Nimeambiwa niongelee godoro lisilo na sumu la kitanda cha mtoto na nitaliongelea, ila naomba radhi naanza na kitu kingine, maana nimeshaona mzazi akisikia neno kemikali anatega masikio, akisikia ugumu wa godoro anachukua simu yake. Kwa hatari ilivyo, ni kinyume. Godoro laini linaweza kumaliza mtoto usiku mmoja tu. Kemikali ni habari ya muda mrefu, ni ya kweli sikatai, ila inakuja ya pili.

Mtoto wa miezi miwili mitatu shingo haina nguvu. Akilala kifudifudi, au akajigeuza mwenyewe, uso ukazama kwenye kitu kinachobonyea, pua na mdomo vinazungukwa na godoro lenyewe, ile hewa aliyoitoa anaivuta tena, anaitoa, anaivuta tena, oksijeni inapungua na kaboni daioksaidi inapanda, wewe mtu mzima ungeshtuka ukageuza kichwa, yeye anaweza asishtuke kabisa. Vifo vya ghafla vya usingizini vinatokea kwa sehemu kubwa kabla mtoto hajafika miezi sita. Ndo maana madaktari wa watoto wa Marekani mwaka 1992 walianza kushauri mtoto asilazwe kifudifudi, kampeni ya kitaifa ikaanza 1994, leo ushauri ni chali tu, na katika miaka kama kumi vifo vile vilipungua karibu nusu. Lakini chali juu ya godoro bonyebonye bado hujamaliza kazi, maana kuna siku atajipindua bila kukuaga.

Sasa unapimaje. Weka kiganja, gandamiza katikati, gandamiza na kwenye kingo (watu wanasahau kingo), halafu achia. Liwe limerudi hapohapo. Likibaki na alama ya mkono wako, kama yale ya sponji inayoshika umbo la mwili, achana nalo hata kama wanasema ni la watoto. Na ukiona roho inakuuma, unasema jamani hili gumu hivi mwanangu si atateseka, basi umeshalipata. Hatateseka, yeye hajui godoro la hotelini likoje.

Huko Australia kuna kipimo cha nyumbani ambacho mimi nakipenda sana, unachukua CD kumi unazipanga zinakuwa kama kisahani kinene, unaziweka pale unapoona ndo laini zaidi, juu yake unalaza boksi la maziwa la lita moja ambalo halijafunguliwa, ncha yake ikitokeza nje ya zile CD kama sentimita 4, halafu unalaza boksi la pili juu ya la kwanza. Ile ncha iliyotokeza ikigusa godoro, godoro ni laini mno. Najua nani ana CD siku hizi, ulizeni wazee.

Saizi haraka haraka. Godoro lienee, ukipitisha vidole viwili kati ya godoro na ubavu wa kitanda vikaingia kwa nafasi, godoro ni dogo, na mwanya huo ndo mtoto anabanwa uso. Usijaze mwanya kwa taulo wala mto. Na lisiwe nene kupita kiasi, Marekani kitanda cha saizi ya kawaida ndani ni kama sentimita 71 kwa 133 na godoro lake halitakiwi kuzidi sentimita 15 hivi, sababu ni kwamba likiwa nene ubavu wa kitanda unakuwa mfupi, mtoto akianza kusimama anapinduka nje. Juu ya godoro shuka moja iliyokaza, basi. Zile pedi laini za kuzungushia pembeni Marekani wamezipiga marufuku kwa sheria ya 2022, pamoja na vile vitanda vya kulala kwa mteremko wa zaidi ya digrii 10.

Haya sumu sasa, naona simu zimeshuka.

Kwanza kuna hadithi lazima muijue kwa sababu bado inazunguka mitandaoni na kila inapopita inabadilisha nguo. Mwaka 1989 huko Uingereza mtu mmoja alidai watoto wanakufa usingizini kwa sababu ya ukungu unaoota kwenye godoro, kwamba ule ukungu unakula kemikali za kuzuia moto na nyingine zilizotiwa godoroni, antimoni na fosforasi na aseniki, unazigeuza gesi ya sumu. Ikapita televisheni 1994, wazazi wakaingiwa na kiwewe, watu wakaanza kufunga magodoro kwa plastiki. Serikali ikaunda kamati ya wataalamu chini ya Lady Limerick, wakachunguza miaka kadhaa, ripoti ikatoka 1998: hakuna ushahidi kwamba gesi hizo ndizo zinaua watoto. Na kumbuka vifo vilikuwa vimeshashuka sana kule tangu kampeni ya kulaza watoto chali ilipoanza 1991, yaani kabla hata ya ile televisheni. Watu walikuwa wanahangaika na plastiki wakati dawa ilikuwa kumgeuza mtoto tu. Kwa hiyo mtu akikuuzia kifuniko cha kuzuia gesi ya godoro, mpe pole.

Ila isiwe sababu ya kusema kemikali zote ni uzushi, hapana. Magodoro mengi ya watoto ni sponji ya poliyurethani, na sponji mpya inatoa mvuke wa kemikali, ile harufu unayoisikia ukichana nailoni. Mwaka 2014 watafiti wa chuo kikuu cha Texas pale Austin walipima sampuli za magodoro 20 ya watoto, wakakuta mapya yanatoa mvuke kama mara nne ya yale ya zamani, na joto la mwili linaongeza, na pale karibu na pua ya mtoto ndo kiwango kinakuwa juu kuliko hewa ya chumba. Mtoto mchanga analala zaidi ya nusu ya siku na kwa kila kilo ya mwili anavuta hewa nyingi kuliko sisi. Simaanishi godoro jipya linaua, hawakusema hivyo. Maana yake punguza unachoweza kupunguza.

Kingine ni kifuniko. Magodoro mengi yana kifuniko cha plastiki kwa sababu ya mkojo, na ni sawa kabisa, unahitaji kitu kisichopitisha maji, godoro likinywa mkojo ukungu unakuja kweli. Swali ni plastiki ipi. Vinili, yaani PVC, yenyewe ni ngumu, inalainishwa kwa kemikali zinaitwa fthaleti na baadhi yake zinavuruga homoni. Ulaya na Marekani (sheria ya 2008) zimeweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa baadhi ya fthaleti kwenye vifaa vya watoto. Mimi ningechagua kifuniko cha polietilini au poliyurethani, vinazuia maji bila kuhitaji kilainishi hicho.

Halafu dawa za kuzuia moto. Zamani sponji iliwekwa sana kemikali za jamii ya PBDE, baadhi zikaingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kemikali sugu, mwaka 2009 ili zikomeshwe duniani kote, maana haziozi na zinajilimbikiza mwilini. Siku hizi godoro linaweza kupita kipimo cha moto bila kumwagiwa dawa, kwa kutumia sufu au kitambaa ambacho chenyewe hakishiki moto kirahisi. Muulize muuzaji swali moja tu, hili limepitaje kipimo cha moto? Akikujibu usijali ni salama, hajakujibu.

Lebo. Neno asilia, neno eko, neno haina sumu, hayo ni maneno ya tangazo, yeyote anaandika. Tafuta jina la cheti na ujue kimepima nini, hapa ndo watu wanapigwa. GREENGUARD Gold inapima mvuke unaotoka kwenye godoro zima. OEKO-TEX Standard 100 inapima mabaki ya kemikali kwenye vitambaa na vifaa, na daraja lake la kwanza ndilo la watoto wadogo. GOTS ni pamba na sufu za oganiki, GOLS ni mpira wa oganiki. CertiPUR-US inaangalia sponji peke yake, kwa hiyo godoro linaweza kuwa na cheti hicho na bado limevalishwa vinili, hajakudanganya mtu, wewe tu hujauliza. Na oganiki haimaanishi gumu! Nimeshika magodoro ya oganiki yenye bei ya kutisha yanabonyea kama mkate, mimi simlazi mtoto hapo, bora la sponji la kawaida lililo gumu na linaloenea.

Maswali. Ndiyo, baba wa shati la bluu. Anauliza kuhusu godoro la kurithi. Utafiti wa Uskoti wa 2002 ulikuta uhusiano kati ya godoro lililotumika na vifo vya ghafla, hasa likitoka nyumba nyingine, sababu haikuthibitishwa. Kitanda pokea ukishakikagua, ila godoro kama uwezo upo nunua jipya. Kama haupo, lipime ugumu, likiwa na bonde katikati au limepasuka au linanuka mkojo, usilichukue hata la bure.

Dada anasema jipya ndo lenye mvuke, sasa tufanyeje. Nunua mapema, mama, wiki kadhaa kabla ya kujifungua, toa nailoni yote, lisimamishe kwenye chumba chenye upepo na mtoto asilale humo. Mvuke mwingi unatoka mwanzoni.

Na la mwisho, yale magodoro ya pande mbili. Upande mgumu ni wa mtoto mchanga, ule laini kidogo ni wa mtoto aliyepita mwaka. Shida ni kwamba atakuja shangazi kusaidia kufua, ataligeuza kwa nia njema kabisa kwa sababu upande ule ni mzuri zaidi mkononi. Chukua kalamu ya maka, andika ubavuni kwa herufi kubwa, JUU HAPA MPAKA MWAKA, na umwonyeshe kila anayekuja kukusaidia kumlaza mtoto.