Mezani kwa Mchambuaji: Safari ya Nguo ya Msaada Kabla Haijafika Dukani

MUSA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo mgeni hatuna, maana mwenye habari ni mwenzangu hapa. Dada Rehema amefanya kazi ya kuchambua nguo zinazotolewa kwa ajili ya maduka ya hisani, yaani yale yanayouza vitu vilivyotolewa bure ili fedha isaidie wenye shida, na mimi nina maswali mengi.

REHEMA: Uliza, kaka. Hii kazi naipenda na ninaumia nikisikia watu wakiiita kazi ya asiye na ujuzi.

MUSA: Basi nianzie hapo hapo. Wengi tunadhani ni kufungua mfuko tu: nzuri huku, mbaya kule, kazi imekwisha.

REHEMA: Fedha ya duka la hisani inapatikana au inapotea pale mezani. Nguo imetolewa bure, sawa, lakini kuikusanya, kuisafirisha na kuihifadhi kuna gharama. Keshia anauza kile tu nilichopitisha mimi. Nikipitisha ovyo, henga zinajaa vitu visivyonunulika. Nikitupa ovyo, nimetupa fedha ambayo ingefika kwa mgonjwa au kwa mtoto anayesubiri karo. Na kila nguo unaiamulia ndani ya sekunde chache, kisha unashika nyingine.

MUSA: Katika sekunde hizo unaangalia nini?

REHEMA: Mikono inatangulia macho. Ukiishika tu, unasikia kama ina unyevu, unasikia kama kitambaa kimechoka. Halafu unakwenda kwenye sehemu zisizodanganya: kola kwa ndani, kwapa, ncha za mikono, na suruali pale mapaja yanaposuguana. Kifua cha shati hakikuambii kitu. Zipu naifunga na kuifungua yote, siishii nusu. Sweta ya sufu nainyanyua juu kwenye mwanga, kwa sababu tundu la nondo ni dogo mno, juu ya meza hulioni.

MUSA: Na mifukoni?

REHEMA: Mifuko yote, ila unapapasa kwanza kwa nje. Usitumbukize vidole hujui kuna nini. Kuna pini, kuna nyembe, kuna hata sindano za hospitali, kwa hiyo glavu nzito ni lazima na msimamizi asiyezitoa hafai. Humo tunakuta funguo, pete, picha, barua. Kituo chenye utaratibu kinaandika kitu cha thamani daftarini mbele ya shahidi, ili mwenyewe akirudi akikute.

MUSA: Wanarudi?

REHEMA: Wengine, ndiyo. Hasa waliofiwa. Nguo za marehemu zinajulikana, kaka. Zinakuja nyingi kwa pamoja, za saizi moja, zimepigwa pasi na kukunjwa kwa uangalifu. Mtu amekaa nazo, akalia, mwisho akaamua kuziachia. Mimi hizo siwezi kuzirusha kama nyingine, hata siku iwe na haraka vipi.

MUSA: Hilo sikuwahi kulifikiria. Lakini nikuulize: nguo ikiwa chafu kidogo, hamfui?

REHEMA: Maduka mengi ya hisani hayana mahali pa kufulia wala muda. Kinachofanyika ni pasi ya mvuke kuondoa mikunjo. Doa lililokuja na shati litaondoka na shati kwenda kwenye matambara. Ila doa si adui mkubwa. Adui ni unyevu. Taulo moja mbichi ndani ya mfuko uliofungwa, baada ya siku chache kuvu imesambaa kwenye nguo zote, na mfuko mzima unatupwa, pamoja na koti ambalo lingevaliwa miaka kumi. Kama kuna jambo moja ningewaomba wanaotoa, ni hilo: anikeni zikauke kabisa kabla ya kufunga mfuko.

MUSA: Na lebo? Nilikuona siku moja unasoma lebo kama mtu anayesoma dawa.

REHEMA: Lebo inakwambia umri wa nguo. Chukua Marekani: sheria ya kutaja aina ya nyuzi ilianza kutumika 1960, na kanuni ya kuandika maelekezo ya ufuaji ikafuata 1972. Ukikutana na gauni la huko lisilo na maelekezo ya kufua, na lebo haijakatwa, linaweza kuwa la kabla ya hapo. Hilo huliweki na mengine. Unaliweka pembeni, kuna wanunuzi wanaotafuta nguo za zamani na watalilipia vizuri.

MUSA: Kwa hiyo mchambuaji asiyejua anaweza kuliuza kwa bei ya tisheti.

REHEMA: Au kulifanya tambara! Ndiyo maana nasema ni ujuzi. Na ni ujuzi wenye historia. Goodwill, shirika la Marekani lenye maduka ya namna hii, ilianzia Boston mwaka 1902. Mchungaji wa Kimethodisti, Edgar Helms, alikusanya vitu vilivyotumika kutoka kwa wenye nacho, akawaajiri maskini kuvitengeneza, vikauzwa, wakalipwa. Yaani kazi yenyewe ya kuchambua na kutengeneza ndiyo iliyokuwa msaada. Napenda sana wazo hilo. Leo wengi wanamkumbuka anayetoa na anayepokea, aliye katikati hatajwi.

MUSA: Sasa hapa tutabishana. Mimi nasema hata iliyochanika itolewe, si inarejelezwa?

REHEMA: Inategemea imetengenezwa kwa nini. Sufu, ndiyo. Huko Batley, Uingereza, Benjamin Law anatajwa kuwa aligundua mwaka 1813 namna ya kusaga matambara ya sufu na kuyasokota tena kuwa uzi. Fulana ya pamba tupu inakuwa kitambaa kizuri cha kufutia mashine. Lakini pamba iliyochanganywa na poliesta, pamoja na nyuzi za kunyumbuka, kuzitenganisha ni vigumu na ni ghali. Na nguo za sasa nyingi ni hizo.

MUSA: Lakini sheria si zinasukuma huko? Umoja wa Ulaya umezitaka nchi wanachama zikusanye nguo kando na taka nyingine tangu Januari 2025.

REHEMA: Na ni vizuri, siipingi. Ila kukusanya ni hatua ya kwanza tu. Kila kilichokusanywa lazima kipite mkononi mwa mtu, na kadiri mizigo inavyokuja na vilivyochakaa zaidi, ndivyo mtu huyo anavyotumia siku yake kutafuta kimoja kinachovalika. Kisichouzika kituo kinalipia kukitupa. Kwa hiyo uliza kituo kwanza kama kina mnunuzi wa matambara. Kikiwa naye, weka zilizochanika kwenye mfuko wake peke yake na uuandike kwa nje.

MUSA: Hapo nimekubali. Umesahau viatu.

REHEMA: Vifunge pamoja kwa kamba zake! Kimoja kikichanganyika kwenye rundo, mwenzake hauziki. Na akina dada, msione haya kutoa sidiria. Zikiwa safi na waya haujachomoza, zinatafutwa sana kuliko mnavyodhani.

MUSA: Wiki ijayo tutakaa na fundi cherehani atuonyeshe jinsi ya kubadilisha zipu. Asante, dada.