Jinsi ya Kukusanya na Kulinganisha Rekodi za Goldberg za Bach

Karibu tena. Leo tunashika kazi moja tu ya Johann Sebastian Bach, mtunzi wa muziki wa Ujerumani, ile inayojulikana kama Variesheni za Goldberg (variesheni ni kipande kinachogeuza wazo lilelile la muziki kwa namna nyingine), iliyochapwa Nuremberg mwaka 1741. Nitakuonyesha namna ya kukusanya rekodi zake chache na kuzilinganisha. Unahitaji laptopu, hedifoni zenye afadhali, programu ya kuhariri sauti ya Audacity ambayo ni ya bure, na jedwali la kuandikia. Daftari nalo linatosha.

Goldberg nimeichagua makusudi. Wapigaji wengi wakubwa wameirekodi, wengine zaidi ya mara moja, na tayari imegawanywa katika vipande 32, kwa hiyo ni rahisi kuchukua kipande kilekile kwa huyu na kwa yule. Inaanza na Aria, kipande cha msingi, zinafuata variesheni 30, halafu Aria inarudi mwishoni. Kila variesheni ya tatu, kuanzia ya 3 hadi ya 27, ni kanoni: sauti moja inatangulia na nyingine inaifuata kwa nyimbo ileile. Kazi yote iko kwenye G meja, ngazi ya sauti yenye uchangamfu, isipokuwa tatu, yaani ya 15, ya 21 na ya 25, ambazo ziko G maina, ngazi yenye huzuni zaidi. Ya 16 ni ufunguzi kwa mtindo wa Kifaransa, na ndiyo inayoanzisha nusu ya pili ya safari.

Jambo moja la kushika kabla hatujaendelea: kila kipande kina nusu mbili, na mwisho wa kila nusu Bach ameweka alama ya kurudia. Mpigaji anaweza kurudia zote, kurudia chache, au asirudie kabisa. Utaona baadaye kwa nini nalikazania hili.

Sasa tukusanye. Usianze na rekodi ishirini, utachoka kabla hujasikia chochote. Nne zinatosha.

Ya kwanza haina gharama ila bando. Mwaka 2012 Kimiko Ishizaka alitoa rekodi yake ya piano bila haki miliki yoyote, kwa hiyo unaipakua, unaikata, unampa jirani, na hakuna sheria uliyovunja. Imerekodiwa vizuri, Berlin, kwenye piano kubwa ya Bösendorfer. Hii ndiyo itakuwa rekodi yako ya mazoezi.

Ya pili na ya tatu ni za mtu mmoja, Glenn Gould wa Kanada. Alirekodi Goldberg mwaka 1955 akiwa kijana wa miaka 22, kisha akairekodi upya mwaka 1981, na akafariki Oktoba 1982, mara tu baada ya hiyo ya pili kutoka. Zote mbili ni za piano. Ya 1955 ni mono, yaani sauti ileile inatoka kushoto na kulia. Na usishangae ukisikia mtu anaimba chini chini nyuma ya piano, hasa kwenye ya 1981: ni yeye mwenyewe.

Ya nne iwe ya hapsikodi, maana Bach aliandika kwenye ukurasa wa jina kwamba kazi hii ni ya hapsikodi yenye safu mbili za vibao. Kama hujawahi kusikia chombo hiki, kumbuka ganuni ya taarabu ya Unguja: hapa pia nyuzi zinadonolewa, tofauti na piano ambayo nyuzi zake hupigwa na nyundo ndogo. Ndiyo maana hata ukikandamiza kibao kwa nguvu, sauti haipandi. Wanda Landowska ndiye aliyetangulia kuirekodi Goldberg kwa hapsikodi, Paris mwaka 1933, lakini chombo chake cha kampuni ya Pleyel kilikuwa cha kisasa na kizito, mbali na vile vya enzi ya Bach. Baadaye wakaja akina Gustav Leonhardt na Trevor Pinnock, waliopiga vyombo vilivyofuata umbo la zamani. Kama pesa yako ni ya kununua moja tu, mimi ningechukua ya Pierre Hantaï, ile ya kwanza, ya miaka ya 1990. Inacheza, haihubiri.

Tukishapata mafaili, tunayapa majina. Hapa wengi hukimbia, halafu baada ya miezi hawajui wana nini. Angalia kwenye skrini: nimeandika jina la mpigaji, mwaka, chombo, kama anarudia au harudii, kisha namba ya kipande. Kwa hiyo faili moja linasomeka Gould_1955_piano_harudii_25. Mwaka ninaouandika ni wa kurekodi. Programu za kusikilizia muziki mara nyingi zinakuonyesha mwaka wa toleo jipya, na rekodi ya 1955 unaweza kuikuta imeandikwa kana kwamba ni ya juzi. Ukishindwa kujua ni Gould yupi uliye naye, fungua Aria ya mwanzo utazame muda: ya 1955 haifiki dakika 2, ya 1981 inapita dakika 3.

Hatua inayofuata ni kusawazisha sauti. Rekodi yenye sauti kubwa zaidi huonekana nzuri zaidi, hata kama ni mbovu. Sikio ndivyo lilivyo. Tengeneza nakala ya mafaili, usiguse yale ya asili. Yaingize kwenye Audacity, yachague yote, nenda menyu ya Effect, tafuta Loudness Normalization, acha namba iliyopo ya -23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), bonyeza Apply. Basi. Ila hapsikodi, hata baada ya kusawazishwa, mimi huishusha tena kidogo. Watu hurekodi maikrofoni zikiwa karibu mno, na baada ya dakika kumi masikio yanawaka.

Ukitaka kufuatilia kwa kinanda chako cha nyumbani au cha kanisani, utashangaa: piano iko G, hapsikodi inasikika kama iko F kali (F#). Faili halijaharibika. Hapsikodi nyingi za namna hii hutuniwa A ikiwa hezi 415 badala ya 440, karibu nusu toni chini. Weka Transpose ya kinanda chako kwenye -1 mtaenda pamoja. Usithubutu kuipandisha rekodi yenyewe kwa kompyuta.

Sasa tusikilize. Chagua sehemu tatu. Kwangu ni nusu ya kwanza ya Aria, variesheni ya 7, na variesheni ya 25.

Ya 7 ina kisa chake. Kwa muda mrefu wapigaji hawakukubaliana mwendo wake, na wapo walioipiga taratibu, kwa kuyumba, kama siciliana, ngoma ya polepole ya Kiitaliano. Mwaka 1974 ikajitokeza nakala iliyochapwa ambayo ilikuwa ya Bach mwenyewe, huko Strasbourg, ikiwa na masahihisho ya mkono wake. Leo iko Paris. Juu ya variesheni ya 7 ameandika kwamba ipigwe kwa mwendo wa giga, ngoma ya kuchangamka. Kwa hiyo ukikutana na rekodi ya 7 inayojikokota, tazama kwanza mwaka kabla hujamlaumu mpigaji. Huenda hakuwa na namna ya kujua.

Katika nakala hiyohiyo, variesheni ya 25 ameiandikia adagio, yaani pole pole. Hapa ndipo dakika zinapoanza kukuchezea. Kila mtu atakuambia Gould wa 1955 ni wa mbio na Gould wa 1981 ni wa utulivu, na jumla inaunga mkono: ya kwanza dakika 38 na nusu, ya pili dakika 51. Lakini ziweke hizi mbili za 25 pamoja. Zote zinapita dakika 6, hakuna inayorudia, na iliyo ndefu zaidi ni ya yule kijana wa 1955. Sikiliza mkono wa kulia unavyoshuka nusu toni kwa nusu toni. Kijana anaiacha kila noti ining'inie. Mzee anahesabu, mapigo yake hayayumbi. Mimi naipenda ya mzee, ingawa najua wengi hawatakubaliana nami.

Na ile jumla ya dakika 51? Sehemu ya ongezeko hilo si mwendo. Mwaka 1955 Gould hakurudia chochote. Mwaka 1981 alirudia baadhi ya nusu za kwanza. Chukua na Murray Perahia, rekodi yake ya mwaka 2000: dakika 73. Anayeanza ataandika kwenye jedwali kwamba Perahia ni mzito. Lakini Perahia anarudia karibu kila kitu, kwa hiyo gawanya kwa mbili upate kama dakika 37. Kwa makadirio hayo haachwi nyuma na yule Gould wa mbio. Ndiyo maana safu ya kurudia kwenye jedwali lako inakaa kabla ya safu ya muda, na mpigaji akisharudia, andika pia kama mara ya pili anaongeza mapambo au anapiga vilevile.

Ukimaliza hizo tatu, jaribu variesheni ya 20. Mikono inapishana hovyo. Kwenye hapsikodi kila mkono una safu yake ya vibao, kila sauti ina rangi yake. Kwenye piano vidole vinagombania sehemu moja, na unasikia jinsi kila mpigaji anavyojiokoa.

Mara ya mwisho mwombe mtu wa nyumbani akuchezee mafaili bila kukuambia ni ya nani. Andika kwanza, uliza baadaye. Rekodi ya tano iongeze baada ya hapo. Ukiwa na moyo, iwe ya Jean Rondeau ya mwaka 2022, hapsikodi, dakika 107. Chaji laptopu kabisa kabla hujaanza.